Sauti Aliyoiruka Mwalimu

Kosa langu la kwanza lilikuwa daftari. Nilinunua lile kubwa lenye jalada gumu, nikalipiga mistari kwa rula ukurasa baada ya ukurasa, kisha nikaandika humo kila sauti ambayo Mwalimu aliipiga katika wimbo mmoja wa dakika sita. Nilitumia penseli kwanza, halafu kalamu ya bluu juu ya penseli, na pale aliponyamaza niliweka alama ya pumziko kwa kalamu nyekundu. Kazi hiyo ilinichukua miezi minne. Nilipomaliza niliikariri yote, nikaamini kwamba sasa najua kupiga jazi.

Usije ukadhani Mwalimu alikuwa mtu mashuhuri. Nje ya Karatu hakuna aliyemjua, na ndani ya Karatu wengi waliomjua walimkwepa. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kijivu ambalo mfuko wake mmoja ulining'inia kuliko mwingine, kwa sababu nitakayoieleza. Nywele alizipaka piko nyeusi tii, lakini nyusi alizisahau, kwa hiyo alionekana kama watu wawili wa umri tofauti waliogawana uso mmoja. Hakuna shule iliyowahi kumwajiri. Aliitwa Mwalimu kwa sababu aliongoza kwaya yetu ya kanisani, na kwa sababu ukimwita jina lingine lolote hakuitika.

Jumapili asubuhi alikuwa kanisani. Jumapili mchana, na siku nyingine mbili katikati ya juma, alipiga kinanda kwenye loji moja iliyo juu ya mashamba ya kahawa, njia ya kwenda geti la hifadhi. Wageni walirudi kutoka kreta wakiwa na vumbi kwenye nyusi, wakala saladi, wakasimuliana habari za faru waliyemwona kwa mbali akiwa mdogo kama kokoto, na Mwalimu alikuwa kwenye kona akiwapigia muziki wa kwao. Namaanisha jazi ya Wamarekani, si ile ya bendi zetu za dansi. Mimi nilikaa karibu na kaunta na soda moja, simu yangu ikirekodi ndani ya mfuko wa shati.

Nafanya kazi steshenari, karibu na stendi. Nachapa barua za watu, natoa fotokopi, nakata picha za pasipoti. Mimi ni mtu wa kuchosha katika kazi hiyo. Mteja akichukua barua yake, mimi naona mstari mmoja umepinda kidogo, namnyang'anya, naichapa upya, na foleni inafika barabarani. Muziki nilijifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu na kinanda cha kanisa. Kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuniambia nimepatia, niliishi na hofu kwamba siku moja atatokea mtu wa kuniambia nimekosea. Hofu hiyo ndiyo iliyonunua daftari.

Kwenye kwaya, Mwalimu alikuwa kama askari wa getini anayekagua vibali. Hakuna sauti iliyopita bila kuonyesha karatasi. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kwa upole ambao ulitisha kuliko kelele: “Hiyo umeitoa wapi?” Nakumbuka mama mmoja kutoka Qurus, mwimbaji mzuri wa sauti ya kwanza, aliyethubutu kuipindapinda kidogo sauti ya mwisho ya “Amina”. Mwalimu alishusha mikono. Kwaya nzima ikatazama sakafu.

“Mama, simama. Hiyo ya mwisho umeitoa wapi?”

“Imekuja yenyewe, Mwalimu.”

“Imekuja na nani?”

“Nadhani ni Roho, Mwalimu.”

“Roho anasoma nota. Nenda kaimbe na besi mpaka Pasaka.”

Na kweli aliimba na wanaume mpaka Pasaka, mama wa watu, akiwa amejifunga kitenge katikati ya makoti, akinguruma. Mwaka huo nilikuwa kwenye tena, ile sauti ya juu ya wanaume, na nilifurahi. Sitaki kujifanya mwema hapa. Nilifurahi kwa sababu duniani palikuwa na mtu mmoja anayejali kama mimi.

Sasa mchukue mtu huyo, mbadilishie tai, mpeleke loji saa mbili baadaye. Wimbo uleule hakuwahi kuupiga mara mbili sawasawa. Aliweka sauti ambazo hazikuandikwa popote, akazivuta, akazibana, akaziacha zikining'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Nilimfuata siku moja nikiwa nimekusanya ujasiri wa wiki nzima.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Wewe si wa tena?”

“Ndiyo. Mwalimu, naomba kuuliza. Unajuaje upige nini pale katikati?”

“Sijui.”

“Lakini hukosei.”

“Nakosea muda wote. Ila nakosea kwa ujeuri.” Akafunga zipu ya begi lake. “Nota iliyokuja vibaya ni mgeni aliyefika loji bila kubuku. Huwezi kumfukuza, amesafiri. Mtafutie chumba.”

Nikamkumbusha mama wa Qurus. Mwalimu alinitazama kwa nyusi zake nyeupe. “Yule alikuwa kanisani,” akasema. “Kanisani vyumba vimejaa.”

Kuhusu mahali alipojifunzia jazi, sijui mpaka leo, na si kwamba sikuuliza. Tatizo lilikuwa wingi wa majibu. Wageni Wajerumani aliwaambia alifundishwa na mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa na kinanda cha miguu. Wamarekani aliwaambia alifundishwa na daktari Mmarekani, na walipiga makofi. Waitaliano aliwapa padre. Siku moja lilikuja kundi la watu wa Korea. Nilisogea karibu kabisa ili nisikie, na Mwalimu, bila kupepesa jicho, akawapa mhandisi wa barabara. Sisi wa Karatu tulijua tu kwamba wazazi wake walitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye shamba la kahawa, na kwamba yeye mwenyewe kahawa hakuinywa. Alikuja na chai yake ya tangawizi kwenye chupa, akaimimina kwenye kikombe cha kahawa cha loji ili wageni waone anakunywa kahawa.

Kinanda cha loji alikilinda kama mali ya urithi. Akimaliza kupiga alikifunika kwa kitenge, akachomoa adapta ya umeme, akaitia kwenye mfuko wa koti, na ndiyo maana mfuko ule ulining'inia. Hakuna mtu mwingine aliyekigusa. Zingatia hilo, maana mimi sikulizingatia.

Wimbo niliouandika ni ule ambao wageni waliuomba kuliko nyingine zote. Kila kundi liliutaja kwa namna yake, wengine kwa kuuimba puani. Mwalimu aliuita Ule wa Maina. Nyimbo nyingi za kwaya yetu ni za meja, zinacheka. Maina ndiyo sura ile nyingine, ya mtu anayetabasamu akiwa na jambo moyoni. “Maina,” alisema Mwalimu mbele ya wageni, akiwa ameinua kidole, “ni mtu anayerudi nyumbani bila hamu ya kufika.”

“Kama mimi siku mama mkwe amekuja,” alisema Dereva.

Dereva ndiye aliyepiga gitaa la besi siku ambazo hakuwa na safari. Ni kijana wa Enguserosambu anayeendesha gari za watalii, mrefu, mwenye mdomo usio na breki. Ndiye aliyenipa jina la Fotokopi, na jina lilishika kiasi kwamba hata mchungaji aliwahi kulitumia kwenye matangazo.

Hapa lazima nieleze kidogo muziki wenyewe, la sivyo aibu yangu haitaeleweka. Kodi ni sauti tatu au nne zinazopigwa pamoja, na wimbo husafiri kutoka kodi moja kwenda nyingine. Mwalimu alizifundisha kwa barabara. Katika Ule wa Maina kuna kodi tatu zinazorudi tena na tena. Ya kwanza aliiita Mto wa Mbu: kuna joto, na hujajua kama gari litapanda mlima. Ya pili ni Rhotia: umebakiza kidogo kufika. Ya tatu, ile ya maina yenyewe, ni Karatu, nyumbani. “Gari likifika Rhotia,” alisema, “yuko abiria mmoja ambaye lazima asimame kabla ya wengine, achukue mzigo wake, akae mlangoni. Huyo anaitwa se.” Kwa waliokulia kwenye do-re-mi, nyumbani kwa maina ni la, na se ndiyo sauti inayoigusa la kwa chini. Ukiisikia se, sikio linajua tumefika, hata kama hujasoma nota siku moja.

Katika rekodi zangu, abiria huyo hakusimama.

Nilisikiliza mara mia. Mwalimu anafika Rhotia, vidole vinapanda, sikio linasubiri se, na pale penyewe kunakuwa na kimya. Kimya kifupi, kama pumzi. Kisha la, nyumbani. Se ya juu aliipiga mara mbili tu, na pembeni nikaandika: “Anatudokeza.” Ile ya katikati, ambayo mtu yeyote angeipiga, hakuipiga hata mara moja. Nikaenda kumsikiliza kanisani. Kanisani se ya katikati aliipiga kama kila mtu. Nikaona ushahidi umetimia: kanisani anatii, loji ananyamaza. Niliandika kurasa tatu nyuma ya daftari, zenye kichwa cha habari, kuhusu mtu anayekataa kutangaza kufika kwake. Nilikuwa na sentensi humo kuhusu unyamavu wa kondeni. Sitainukuu. Nina mama bado hai.

Nilijifunza hata uso wake. Kila palipokuwa na nyekundu, Mwalimu alifumba macho na kukunja mdomo kidogo. Nikafanya mazoezi hayo mbele ya kioo cha steshenari, kile cha wateja wa picha za pasipoti.

Basi dada yake Mwalimu akafariki, naye akaenda Singida kwenye msiba, akakaa huko majuma matatu. Juma hilohilo aliloondoka, loji ilileta kinanda kipya. Meneja, mwanamke mwenye haraka ambaye hata salamu alizitoa huku akitembea, alinipigia simu kazini.

“Nasikia unapiga. Mwalimu anachoka siku hizi, vidole vyake havimpi ushirikiano. Nataka mtu wa Jumapili mchana, wa kudumu. Njoo Jumapili hii tukuone.”

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka kwamba nilichapa barua ya mteja nikaweka jina langu badala ya lake. Jumapili mchana, wa kudumu: hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nakitaka duniani, na nilikitaka kwa namna mbaya, ya mtu anayetaka cheti. Nilitaka wageni na meneja na Dereva waone kwamba sijakosea hata mahali pamoja.

Sikukosea hata mahali pamoja. Nilikaa kwenye kinanda kipya, chenye sauti safi kama maji ya chupa, Dereva akaanza besi, nami nikaanza kumwaga daftari. Nikafika Rhotia. Nikafumba macho, nikakunja mdomo, nikainua kidole, nikanyamaza. Nikapiga la. Nilihisi ukumbi umetetemeka. Mara ya pili, tena Rhotia, macho, mdomo, kimya. Nikasikia besi inayumba. Nilipofumbua jicho moja nikamwona Dereva anatikisika mabega, machozi yanamtoka. Mara ya tatu, pale penye nyekundu, mgeni mmoja mama mtu mzima, kofia ya kreta bado kichwani, aliimba ile se. Aliiimba kwa sauti ya huruma, kama unavyomkumbusha mtoto shairi mbele ya wazazi. Mara ya nne meza nzima ilimsaidia. Mara ya tano walisaidia na waliokuwa nje kwenye nyasi. Wote walidhani nimesahau, na kila walipoijaza walinipungia mkono kunitia moyo.

Nilipomaliza, Meneja aliniambia, “Umejitahidi.” Kwa asiyejua, hilo ndilo neno tunalomwambia mtu aliyeanguka kwenye mbio na kumalizia kwa kutambaa.

Dereva alinifuata nyuma ya jiko.

“Chalii wangu, niambie kitu kimoja. Kwa nini ulikuwa unairuka ile nota mbovu? Hiki kinanda ni kipya.”

“Nota gani mbovu?”

“Ile ya katikati. Nyeusi. Si ilikufa?” Akanitazama vizuri, na kicheko kikaanza kumrudia taratibu, kama gari linalopandisha mlima. “Ero, wewe hukujua! Mgeni alikimwagia juisi ya pasheni mwaka juzi. Toka siku hiyo ukiigonga inasema *tk*. Mzee anaigonga kila siku, inasema *tk*, anakasirika, anafumba macho, anaendelea. Sasa wewe ukanakili…” Hakumaliza. Alikaa chini kwenye kreti ya soda.

Huo ndio ulikuwa unyamavu wa kondeni: juisi ya pasheni. Mwalimu hakuwa amekataa kutangaza chochote. Alikuwa akipiga se kama mwanakwaya yeyote, na kinanda ndicho kilichonyamaza. Hata uso niliouiga ulikuwa uso wa mtu anayemlaani meneja kimoyomoyo.

Aliporudi kutoka Singida nilimpa pole ya msiba, kisha sikuweza kujizuia. Nilimuuliza kwa nini hakulalamika kinanda kitengenezwe.

“Nililalamika,” akasema. “Walikataa.”

Meneja aliniambia Mwalimu hakuwahi kusema neno. Alidhani kinanda ni kizima. Dereva naye alikuwa na habari yake: Mwalimu alimwambia kwamba yeye mwenyewe aliomba kisiguswe, kwa kuwa toka nota ile ife, wageni walianza kumsikiliza. Ile sauti walikuwa wakiiimba vichwani mwao, eti, bila kujua, na mtu akiimba kichwani hawezi kutafuna. Majibu matatu. Nilikuwa nimepandishwa daraja. Sasa hata mimi ananipa padre na mmisionari na mhandisi wa barabara.

Nilimchukia karibu mwaka mzima. Nilihama kutoka tena nikaenda kukaa na besi kwa hiari yangu, ili niwe mbali na mkono wake. Alinitazama, akasema tu, “Hiyo sauti umeitoa wapi?” Ilikuwa sauti yangu ya kawaida.

Halafu vidole vyake vikakakamaa kabisa. Aliacha loji, kwaya ikapewa mtu mwingine, na loji ikampa kile kinanda cha zamani kama zawadi ya kuagwa. Sikuenda kwenye hiyo sherehe. Nilisema nina kazi nyingi. Walikuja vijana wawili kutoka Arusha wakajaribu Jumapili za mchana, mmoja akaondoka kwa sababu ya baridi, mwingine akaondoka na mgeni. Mwaka jana, siku ya Jumatano, Meneja akanipigia tena simu. Alikuwa anatembea, nilisikia viatu.

“Jumapili njoo. Ule ulioupiga siku ile. Ila safari hii upige wote.”

Nilikuwa na siku nne. Nilichukua daftari, nikapanda bodaboda, nikaenda kwa Mwalimu.

Anaishi njia ya Qurus, nyumba ya matofali yenye uzio wa minyaa. Mkewe alikuwa uani anapukuchua mahindi.

“Hodi. Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Karibu. Ni nani?”

“Ni mimi wa steshenari.”

“Ah! Baba, Fotokopi wako amekuja! Kajikunja hivi, sijui anaumwa.”

Mwalimu alikuwa sebuleni kwenye kochi, koti la kijivu mwilini ingawa alikuwa nyumbani kwake. Piko alikuwa ameiacha. Nywele na nyusi sasa vilikuwa vya mtu mmoja. Kinanda kilikuwa juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, na meza iliinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nikamwamkia. Akaitazama mikono yangu.

“Hilo ni lile daftari?”

“Ndilo, Mwalimu.”

“Lete.”

Alilipitia polepole, ukurasa kwa ukurasa, akigeuza kwa ubavu wa kiganja kwa kuwa vidole havikumsaidia. “Mwandiko mzuri,” alisema. Niliona haya kwamba nilifurahi. “Na haya mekundu ni nini?”

“Ni pale ilipokufa. Nimekuja unijazie. Uniambie hasa ulikuwa unapiga nini, niandike, nikakariri. Jumapili napiga loji.”

Mwalimu aligeuza ukurasa mmoja nyuma. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko.

“Nilichokibuni mimi miaka ile, mchana mmoja, nikiwa na njaa, unataka nikuandikie leo, ili wewe ukakibuni Jumapili?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Mama!” aliita uani. “Huyu kweli anaumwa!”

“Mwache mtoto wa watu apumue,” alijibu mkewe kutoka nje.

Mwalimu alilifunga daftari, akaliinua, akalipima kwa jicho. Kisha akainama kwa taabu, akainua ukingo wa meza kwa bega, na kulisukuma daftari langu la miezi minne chini ya mguu mfupi. Meza ikasimama sawa. Akaitikisa kidogo kuhakikisha.

“Imekuwa ikiniudhi,” alisema. “Kaa. Piga.”

“Sina cha kupiga.”

“Barabara huijui? Toka Mto wa Mbu mpaka hapa, hujawahi kufika? Piga.”

Akatoa adapta mfukoni mwa koti. Bado alikuwa anatembea nayo, sebuleni kwake mwenyewe.

Nilipiga. Nilijichukia kwa kila sauti kabla haijatoka. Mto wa Mbu. Rhotia. Kidole kikaenda chenyewe kwenye se ya katikati, na kinanda kikasema *tk*, kama ukucha kwenye ubao. Nikasimama.

“Nani kasema ushuke?”

Nikarudia. Rhotia, *tk*. Nikasimama tena. Mara ya tatu nilipogonga ile *tk*, Mwalimu aliiimba se mwenyewe. Aliiimba kwa nguvu, sauti imepasuka, kama kondakta anayemwita abiria aliyesinzia. Na aliiimba chini ya mahali pake. Mwalimu, aliyewahi kuhamisha wanawake kwa sababu ya nusu ya nusu ya sauti, alikuwa ameteremka chini mpaka karibu afike kwenye so, na alikuwa anaivuta bila habari, macho yamefumba.

Sijui kama naweza kueleza maumivu ya jambo hilo kwa mtu kama mimi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado unashikilia Rhotia, na juu yake sauti ya mzee imekaa vibaya, inagombana na kila kitu. Sikuwa na daftari. Sikuwa na muda wa kuogopa. Mkono wa kushoto uliondoka wenyewe pale, ukashuka, ukatafuta kodi ambayo so ni ya kwao, ukaipata, na ile sauti ya Mwalimu, bila yeye kuigusa, ikawa sahihi. Kutoka pale nilishuka hatua mbili nyingine nisizowahi kuzisikia kwa mtu, nikakuta nimeingia Karatu. Nimeingia kwa njia ya Mbulu, upande mwingine kabisa wa mji.

Mwalimu alifumbua macho.

“Hiyo umeitoa wapi?”

“Imekuja yenyewe, Mwalimu.”

“Imekuja na nani?”

“Na wewe. Uliimba chini.”

Uani mahindi yaliacha kudondoka. Kisha nikamsikia mkewe anacheka, kicheko cha mtu aliyesubiri miaka mingi. “Leo umepatikana, baba!”

“Mimi sijawahi kuimba chini,” alisema Mwalimu. Alijiweka sawa koti. Kisha akasema, bila kunitazama, “Tena. Na safari hii usiniangalie mdomo.”

Tulirudia mpaka chai ya tangawizi ikaletwa, na kila mara aliimba chini kwa kiasi tofauti, nami kila mara nililazimika kumtafutia chumba kingine. Mara mbili sikukipata, tukasikika vibaya sana, na hakuna aliyesimamisha gari.

Jumapili nilipiga loji. Dereva anasema nilikosea mahali pengi. Sasa napiga kila Jumapili mchana, wa kudumu. Simu naiacha kaunta, imezimwa. Daftari liko bado chini ya mguu wa meza ya Mwalimu, na sijanunua lingine.